Kengele za Velten Kolb

Mguu wa kulia wa Velten Kolb ulikuwa mfupi kuliko wa kushoto, ingawa mama yake alimzaa na miguu inayolingana. Miaka thelathini na moja ya kutembea ubavuni mwa farasi, kwenye ukingo wa barabara uliochimbwa na magurudumu, ndiyo iliyompinda nyonga. Gari lake lilikuwa kubwa, la kule kwetu Conestoga, lenye tumbo kama la mtumbwi na paa la kitambaa cha kitani, lakini kiti hakikuwamo. Gari ni la mzigo. Mwendeshaji ana miguu yake, atembee.

Alikuwa na miaka hamsini na minane, na alikuwa amechoka. Si uchovu ule wa juzi na jana, unaoisha kwa bakuli la supu na usingizi. Uchovu wake ulikuwa umeingia mifupani na kuhamia humo na vyombo vyake vyote.

Alivuka bahari akiwa na miaka tisa, kutoka kwenye mashamba ya mizabibu kando ya mto Rhine. Mama yake alifia melini, wakamtosa majini kabla nchi kavu haijaonekana. Baba alifika Philadelphia, akatazama gati, akatazama watu, akafa masika yale yale. Mtoto akawekwa kwa mkulima mmoja wa Lancaster, akatumika mpaka alipotimiza miaka ishirini na moja, kama ilivyokuwa kwa watoto wote walioshuka melini bila mtu wa kuwashika mkono. Siku ya kutoka alipewa suti ya nguo, shoka, na ndama wa farasi mgonjwa ambaye hakuna aliyemtaka. Ndama akapona. Hapo ndipo kazi ya barabara ilipoanzia.

Na kazi haikukosekana. Miaka hiyo Pennsylvania nzima ilikuwa imeshikwa na washawasha wa nyayo. Baba ana ekari mia na watoto wa kiume saba, ugawe vipi? Basi wanasikia kwamba kusini, bonde la Virginia lote hadi Carolina, kuna udongo mweusi na mikondo ya maji isiyo na mwenyewe. Kwamba wenyewe walikuwapo, na bado wengine wapo, hilo halikusemwa sana mezani. Wanapakia jembe, kasha la nguo, kabeji chachu kwenye pipa na Biblia ya bibi, halafu wanamtafuta Velten.

Aliwapeleka wengi. Mwisho akawapeleka na wake. Mwanawe Christoph na binti yake Bärbel aliwashusha mwenyewe kando ya mto Yadkin, kule Carolina, akawasaidia kuteremsha makasha, akageuza gari tupu na kurudi nyumbani, mwendo wa wiki tano. Mkewe Apollonia, ambaye sote tulimwita Ploni, alimuuliza kitu kimoja tu.

"Walilia?"

"Hawakulia. Walikuwa na miti ya kukata."

Ploni akaingia jikoni, na habari ile haikuzungumzwa tena.

Alichobaki nacho Velten kilikuwa kengele zake. Kila farasi wake alivaa tao la chuma juu ya mabega, na kwenye kila tao zilining'inia kengele nne za shaba; farasi wanne, kengele kumi na sita. Za farasi wa mbele, jike mwekundu aliyeitwa Lotte, ndizo zilizokuwa kubwa na zenye sauti ya chini. Gari lilipofika kwenye kona ya kinu cha unga, karibu nusu saa kutoka nyumbani, Ploni alizisikia, na papo hapo akatumbukiza madonge ya unga kwenye mchuzi. Velten alipomaliza kuwafungua farasi na kunawa, madonge yalikuwa yameiva. Kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kula madonge mabichi wala yaliyopondeka.

Sheria ya kengele haikuandikwa popote, na ndiyo maana haikuvunjwa. Ukikwama njiani, akaja mwenzako akakutoa kwa farasi wake, unavua kengele unampa. Unarudi kwenu kimya, kila mtu anatazama mabega ya farasi wako, na mpaka watoto wanajua. Kuna watu walioacha kazi kwa sababu hiyo. Velten Kolb hakuwahi kuvua hata moja. Ukimuuliza jina alikutajia, na ukibaki kidogo alikutajia na hilo la kengele.

Oktoba mwaka 1767 aliipakia familia ya Jost Weidner. Jost alikuwa fundi mapipa, mpole, mtu wa kukubali kila anachoambiwa. Mkewe, Kathrin, alikuwa na mimba ya miezi sita na hakukubali chochote. Walikuwa na watoto wawili wadogo waliolala juu ya magunia kama paka. Walitakiwa wafike Yadkin kabla ya theluji, wapate angalau kuta nne na paa. Mtoto wa Kathrin asingesubiri fundi.

Mvua ilianza kwenye kivuko cha Susquehanna, ambako magari yalikuwa mengi hata wakasubiri siku tatu wakila mkate uliolowa. Haikukoma. Ng'ambo ya York barabara ilikuwa visiki na maji, visiki na maji. Kwenye miteremko Velten alifunga magurudumu ya nyuma kwa mnyororo na kukokota gogo nyuma ya gari lisije likawapanda farasi mgongoni. Kwenye milima wote walishuka wakasukuma, Kathrin naye, na tumbo lake. Mto Potomac waliuvuka farasi wakitetemeka juu ya mbao za pantoni. Wiki ya nne, ndani ya bonde la Virginia, hakuna aliyekuwa akizungumza tena isipokuwa kuuliza kama pana kuni kavu.

Kathrin alizoea kutembea karibu na Lotte. Alimchania nywele za shingo kwa vidole, akampa maganda ya tufaha.

"Ana miaka mingapi huyu?"

"Kumi na saba."

"Mzee Velten, huyu alipaswa kuwa malishoni."

"Na mimi pia," alisema Velten. Kathrin alicheka kwa mara ya kwanza tangu Susquehanna.

Jioni moja, chini kidogo ya mji wa Staunton, walifika nyumba ya wageni ambako waendesha magari hulala sakafuni, miguu ikielekea motoni. Alikuwapo Hugh Ringland, mtu wa Ulster kule Ireland, mrefu, mwenye pua iliyovunjika na farasi sita wanene. Naye alikuwa anashuka Carolina, amebeba chumvi na vyuma. Velten alikunywa kikombe kimoja, nyonga ikalegea, na ulimi nao ukafuata.

"Miaka thelathini na moja," alisema, "na hakuna aliyegusa kengele zangu."

"Tumekusikia ukiingia, mzee," alisema Ringland. "Tulikusikia na ukiwa bado Pennsylvania. Kwetu tunasema debe tupu ndilo linalovuma."

Watu wakacheka. Velten naye akacheka, maana ukichekwa usipocheka unachekwa mara mbili. Lakini lile neno lilimwingia, akalala nalo. Asubuhi aliondoka kabla ya wengine, bila hata kuwakausha farasi vizuri.

Saa moja baadaye walifika kijito. Siku za kawaida maji yake hayafiki kifundo cha mguu. Siku hiyo yalifika magotini, mekundu, yakibeba majani. Walishuka salama. Ukingo wa pili ulikuwa udongo wa mfinyanzi, umelainishwa na magari ya wiki nzima. Gurudumu la mbele la kulia liliingia shimo lisiloonekana, gari likainama, likakaa.

Velten alijaribu mara moja, kwa sauti tu. Gari halikutikisika.

Wakawashusha watoto. Jost alikata matawi ya msonobari wakayatandika chini ya magurudumu. Walikuwa bado wanatandika waliposikia farasi sita nyuma yao. Ringland alisimama ukingoni, akatazama, na ni haki kumsema vizuri: hakucheka.

"Nifungue farasi wangu wanne nikufungie mbele?" aliuliza. "Ni kazi ya dakika chache."

"Hapana."

"Mzee, umeziba njia. Siwezi kupita."

"Basi subiri. Ninatoka sasa hivi."

Ringland akawafungua farasi wake wakala nyasi, akawasha moto, akabandika chungu cha uji wa shayiri. Hakuwa na haraka. Alijua sheria, na alijua kwamba kitu kile hakiombwi, kinaletwa.

Matawi yalizama. Walikata mti wakaufanya mtaimbo, Jost na Velten wakauning'inia pamoja, mti ukavunjika. Wakapakua mzigo. Jembe, makasha, pipa la kabeji, vyote vikapandishwa ukingoni kwa migongo, Kathrin akibeba vitanda na kusimama kila hatua tano na mkono kiunoni. Gari tupu nalo lilikataa. Maji yalikuwa yamepanda hadi mapajani, na mvua ilianza upya.

Kila jaribio, aliyeanguka magotini alikuwa Lotte. Yeye ndiye alikuwa mbele, kwenye utelezi wa ukingo, na yeye peke yake hakujua kuvuta nusu nusu. Alianguka, akainuka, kengele zikalia. Farasi wengine watatu walishajua kwamba haiwezekani. Yeye alikuwa akimsikiliza Velten.

Kathrin alikuja akasimama mbele yake, matope hadi kiunoni.

"Mzee Velten, yule mtu yupo pale na farasi sita. Kubali."

"Wewe hujui mambo haya, mama."

"Sijui. Hebu niambie, kengele zinakula nini?"

Velten akainama kukaza ukanda wa Lotte.

"Maana farasi namjua anakula nini. Nimemlisha mwenyewe. Anatetemeka, mtazame."

"Jost," alisema Velten, "mwondoe mkeo hapo."

Jost, mtu wa kukubali kila anachoambiwa, alimshika mkewe mkono akamwondoa. Na hilo Jost alikuja kulijutia pia, lakini lake ni lake.

Jaribio la mwisho Velten alitumia mjeledi. Hakuwa mtu wa mjeledi. Aliupiga hewani miaka yote kwa ajili ya sauti yake. Safari hii aliushusha. Lotte alijirusha mbele, gari likasogea kiasi cha kiganja, na watu wote wakaliona likisogea. Halafu mguu wake wa mbele ukateleza katikati ya mawe mawili, mwili ukaendelea kwenda, na mlio uliosikika haukuwa wa mti.

Hakuinuka tena. Aliweka kichwa juu ya matope akatazama huku na huku akimtafuta aliyemwita.

Ringland alikuja na bunduki bila kuitwa. "Nifanye mimi?" aliuliza, na Velten akaitikia kwa kichwa. Kathrin aliwageuza watoto nyuso zikaelekea msituni.

Baadaye Ringland alifunga farasi wake wanne mbele ya gari. Akapiga mluzi. Likatoka. Jost alikuwa amewasha kiko kabla ya hapo, na tumbaku ilikuwa bado haijashika vizuri.

Velten aliingia majini, akafungua tao kwenye mabega ya Lotte. Akavua na ya wale watatu. Akazibeba zote kumi na sita mikononi, zikilia kila hatua, akamfikia Ringland na kumnyooshea.

Ringland alizitazama. Akafuta pua kwa mkono wa shati.

"Sizitaki, mzee."

"Ni sheria."

"Naijua sheria. Nilikuambia tangu asubuhi nikufungie farasi. Mimi sichukui kengele shingoni mwa maiti. Kaa nazo."

Velten alibaki amenyoosha mikono. Angetukanwa angeweza kutukana. Angepigwa angeanguka, mambo yakaisha. Alizitaka zichukuliwe kuliko alivyowahi kutaka zibaki, na hapakuwa na mtu mwingine wa kumpa.

Walifika Yadkin kwa farasi watatu, theluji ya kwanza ikianguka na kuyeyuka. Kathrin hakumlaumu hata kwa neno moja njia nzima, wala hakuzungumza naye. Siku ya kuagana alimpa mkate wa njiani akiwa ameufunga kitambaa, kwa mikono miwili, kama mtu anavyompa mgeni. Velten alipitia kwa Christoph akalala usiku mmoja. Mwanawe alimsihi akae mpaka majira ya kuchipua, asijiue na baridi. Hakukaa.

Kengele alizijaza nyasi kavu, moja moja, akizishindilia kwa kidole mpaka ndimi zake zisicheze, kisha akazizika chini kabisa ndani ya gunia la shayiri ya farasi. Barabara nzima ya kurudi, wiki kwa wiki, hakusikia kitu isipokuwa ekseli na pumzi zake. Kwenye nyumba za wageni watu walitazama mabega ya farasi kabla ya kumtazama usoni.

"Lo, Velten. Na wewe?"

"Na mimi."

"Amezichukua nani?"

"Mtu wa Ulster."

Wakampiga begani. Wakampisha karibu na moto. Mmoja aliyezipoteza zake miaka kumi iliyopita alimwambia, "Karibu kwetu, mzee, ukubwa ni jaa," akamnunulia kikombe. Velten alikinywa. Alikunywa pole ya aibu ambayo hakuipata, kwa sababu ile aliyoipata isingemletea kikombe kwa mtu yeyote.

Alifika nyumbani Desemba, mchana. Kwenye kona ya kinu hakukulia kitu. Ploni alikuwa uani, mikono na mafuta ya nguruwe hadi viwiko, anajaza soseji. Aligeuka aliposikia magurudumu yakiwa tayari langoni. Alitazama mabega ya farasi, halafu akatazama nafasi ya mbele, iliyokuwa wazi.

"Lotte?"

"Alivunjika mguu."

"Na kengele?"

"Nilikwama. Nikatolewa."

Ploni akafuta mikono kwenye aproni, akaja akamshika uso. Mikono ilinuka kitunguu na moshi.

"Basi, baba. Ni shaba tu. Watu watacheka wiki mbili, halafu watapata mwingine. Kaa chini, sina hata chakula, sikukusikia. Wacha niwape farasi kwanza, wewe umekufa umesimama."

Velten alitaka kusema aache, atawapa mwenyewe. Lakini alikuwa ameshakaa kwenye gogo, na mwili ulikataa kuinuka. Akamsikia mkewe akiburura gunia la shayiri kutoka garini. Akamsikia akishangaa uzito wake. Akasikia shayiri ikimiminika kwenye hori, halafu vitu vizito vikidondoka juu ya mbao, pu, pu, pu, bila mlio.

Ploni alitoka zizini na kengele moja mkononi, ile kubwa ya Lotte. Alikuwa amechomoa nyasi nusu. Hakuwa mwanamke mwepesi wa kukasirika, na hata hapo hakukasirika. Alikuwa akipanga mambo kichwani, moja baada ya jingine, kama anavyopanga vyombo.

"Alikuwapo mtu pale wa kukutoa?" aliuliza.

"Alikuwapo."

"Kabla au baada?"

Velten alitazama buti zake. "Tangu asubuhi," alisema.

Ploni akaishindilia ile nyasi tena ndani ya kengele, taratibu, mpaka ikajaa, akaingia nayo ndani. Ilikaa chini ya kitani, kwenye kasha lake, na nyingine kumi na tano, na siri ya mtungi ikabaki kwa kata. Conestoga nzima iliamini kwamba Velten Kolb alipokonywa kengele Virginia, na ikampenda zaidi kuliko zamani.

Aliendesha gari miaka minne mingine, akiwa na farasi jike mchanga mbele na bila kengele yoyote. Mwezi Machi wa mwaka uliofuata alikwama pale pale kwenye kona ya kinu, mahali ambapo mtu yeyote angetoka kwa kupiga kelele kidogo. Mwenye kinu aliyekuwa mlangoni alituambia baadaye kwamba alishangaa. Gurudumu lilikuwa bado halijatulia shimoni, na farasi hajavuta hata mara moja, mzee alikuwa ameshaweka mkono juu ya shingo ya yule jike kumzuia, na mkono wa pili ameuinua juu, anaita watu.

Nyumbani, Ploni alikuwa jikoni, mchuzi ukichemka. Hakutumbukiza madonge mpaka alipomwona langoni kwa macho yake.